NJIWA MGONJWA ASIPELEKWE SOKONI
Shauri kwa wafugaji wadogo wa Magomeni, na kwa wote wauzao ndege Kariakoo

Karatasi hii yaandikwa kwa ajili yenu mfugao njiwa na kuku katika nyua za Magomeni, tangu Mapipa hata Mikumi na Kagera, na huko Mzimuni na Ndugumbi. Tena kwa ajili yenu mkaao mashamba ya Kisarawe, Mkuranga na Kibaha, ambao huleta ndege wenu kuuza mjini. Neno lake ni moja, nalo si gumu kulifahamu, ingawa ni gumu kulitenda: njiwa aliyeugua, na njiwa aonekanaye mzima lakini amekaa banda moja na mgonjwa, asiuzwe, asitolewe zawadi, wala asipelekwe sokoni. Hasara yake na iishie kwa mwenye banda. Tutaeleza sababu za shauri hili, kisha kila msomaji apime kwa akili yake mwenyewe.

UGONJWA WENYEWE

Wafugaji wa kuku waujua sana ugonjwa uitwao mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu huuita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Mwaka uleule ulionekana katika kisiwa cha Java, na kufika mwaka 1935 ulikuwa umekwisha kujulikana Kenya. Huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Ukiingia katika kuku wasiochanjwa, huweza kuua tisa katika kila kumi, na mwenye kuku huamka tajiri akalala maskini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kirusi hicho kina ndugu yake aliyezoea miili ya njiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa mpya ulionekana katika njiwa wa nchi za Mashariki ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliingia Ulaya, na mwaka 1983 ulikuwa umeenea miongoni mwa njiwa wa mashindano wa Uingereza. Tangu hapo umeonekana katika sehemu nyingi za dunia.

Angalieni jinsi ulivyoenea upesi hivyo. Njiwa wa mashindano hukusanywa kutoka mabanda mengi, hutiwa pamoja katika vikapu, huchukuliwa safari ndefu, kisha hufunguliwa warudi kwao kwa mbio. Njiwa mmoja mgonjwa katika kikapu aliwaambukiza wenziwe usiku mmoja, na kesho yake kila mmoja alirudi kwa bwana wake akiwa amechukua ugonjwa. Sisi hapa hatuna desturi kubwa ya mashindano hayo, lakini tunalo tenga, na kazi ya tenga ni ileile ya kikapu.

Dalili za ugonjwa katika njiwa ni hizi. Kwanza njiwa hunywa maji mengi kupita desturi yake, na kinyesi chake huwa cha maji tele. Baada ya siku chache kichwa huanza kutetemeka, na shingo hupinda hata pengine uso huelekea juu au nyuma. Akitaka kudonoa punje, mdomo hukosea na kupiga chini kando yake. Wengine huzunguka mahali pamoja kama waliolewa, wengine huanguka wakijaribu kuruka, na wengine hupooza bawa au mguu. Makinda hufa zaidi kuliko wakubwa. Wakubwa wengi huweza kupona baada ya majuma kadhaa, walakini wakati huo wote kinyesi chao chaweza kuwa na kirusi.

Tena yafaa kujua kwamba dalili hazionekani siku ileile ya kuambukizwa. Juma moja laweza kupita, au mawili, au hata zaidi, njiwa akila na kuruka kama kawaida. Ndiyo sababu tumesema juu ya njiwa aonekanaye mzima katika banda la wagonjwa. Uzima wake huenda ni wa macho tu.

Si kila njiwa mwenye shingo iliyopinda ana ugonjwa huu. Sumu yaweza kuleta dalili za namna hiyo, na maradhi mengine ya bakteria vilevile. Uko pia ugonjwa wa ndui ya njiwa, ambao nao ni wa kirusi. Huo huenezwa sana na mbu, na alama zake ni vipele vigumu penye mdomo, kope na miguu. Kwa hiyo msikisie. Bwana Mifugo wa kata yenu ndiye wa kuulizwa kwanza, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye makao yao Temeke, wanayo maabara ya kuchunguza ndege aliyekufa. Ndege huyo atiwe katika mifuko miwili, akae penye baridi, apelekwe siku ileile.

JINSI TENGA LINAVYOFANYA KAZI

Tutoe mfano. Tuseme mtu mmoja wa Magomeni ana njiwa ishirini katika banda la mbao lililotundikwa chini ya paa. Asubuhi moja aona njiwa mmoja anazunguka, na wa pili amepinda shingo. Mtu huyo si mjinga. Ajua kwamba maradhi yameingia. Basi afanya shauri ambalo wengi hulifanya: “Kabla hawajafa wote, heri niokoe fedha yangu.” Awakamata wale kumi na wanane waonekanao wazima, awatia katika tenga, avuka bonde la Msimbazi, na kabla ya adhuhuri yupo Kariakoo.

Pale Kariakoo tenga lake lawekwa juu ya tenga la kuku. Kinyesi cha njiwa chawaangukia kuku walio chini. Mnunuzi wa kwanza atoka Tandika, achukua njiwa wawili wa kuanzia ufugaji. Wa pili ni mtu wa Mkuranga, anunua jozi ya kumpelekea mwanawe. Wa tatu ni mchuuzi, anunua waliobaki ili akawauze mahali pengine. Jioni yule mtu wa Magomeni arudi nyumbani na fedha zake, na tenga lake tupu lisiloosheka aliweka uani, karibu na ukuta wa jirani.

Jirani yake ni bibi mmoja mwenye kuku kumi na mmoja. Mayai yao humnunulia sukari na mafuta ya taa, na kila mwanzo wa mwaka huuza majogoo mawili ili mjukuu wake apate sare ya shule. Kuku wale hupita chini ya ua na kuchakura palipowekwa lile tenga. Baada ya siku chache wa kwanza aanza kuhara kijani, wa pili apooza miguu, na kabla ya juma kwisha bibi hana kuku. Hana wa kumlaumu, maana hajui. Labda atasema ni upepo mbaya, au atamshuku mtu asiye na hatia.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hatua zake zote ndizo njia za kweli za ugonjwa: ndege aliyeambukizwa, kinyesi, chombo kisichooshwa, na mikono ya mwenye kuvishika. Kirusi hiki hakina mabawa. Sisi ndio tunaokichukua, na fedha aliyoiokoa mmoja imetolewa mfukoni mwa watu wanne. Wazee walisema: mchuma janga hula na wa kwao.

Wengine watauliza, je, kirusi cha njiwa chaweza kweli kudhuru kuku? Jibu ni ndiyo. Mara ya kwanza kikiingia katika kuku huenda kisiue wengi. Lakini wataalamu wameona kwamba kikipita kutoka kuku hata kuku mara kadhaa, huweza kuongezeka ukali. Na kwa upande wa pili, njiwa aweza kubeba kirusi cha mdondo wa kuku bila kuonyesha dalili kubwa, akashuka ua huu kula na ua ule kunywa. Na Magomeni ipo kando ya Barabara ya Morogoro, njia ile ile iletayo matenga ya kuku kutoka Singida na Dodoma kuja Dar es Salaam. Mahali penye mapito mengi namna hiyo pahitaji tahadhari kuliko pengine.

HABARI YA LIVERPOOL

Ipo habari moja ya kweli ambayo kila mfugaji yafaa aikumbuke. Mwaka 1984, mwaka mmoja tu baada ya ugonjwa kuingia katika njiwa wa Uingereza, mdondo ulizuka katika mashamba ya kuku zaidi ya 20 ya nchi ile, katika kuku wasiochanjwa. Mashamba hayo yalikuwa mbalimbali, na watu walishangaa jinsi ugonjwa ulivyoruka kutoka mahali hata mahali. Wachunguzi walifuata nyayo, na nyingi ziliwafikisha bandarini Liverpool. Huko zilikuwako ghala za nafaka, na njiwa wenye ugonjwa walikuwa wakiingia na kunya juu ya chakula kilichokusudiwa kuku. Chakula kikasagwa, kikatiwa magunia, kikapelekwa mashambani pamoja na kirusi ndani yake.

Sasa tazameni kwetu. Karibu na Magomeni lipo soko la nafaka la Tandale, na Manzese zipo mashine za kukoboa na kusaga. Njiwa hujua sana palipomwagika mahindi na mchele. Pumba zitokazo mahali kama hapo ndizo tuwapazo kuku wetu. Hatusemi kwamba pumba za Tandale zina ugonjwa. Twasema tu kwamba mlango uliofunguka Liverpool hata sisi tunao, na mwenye ghala afunike nafaka yake, na mwenye kuku anunue pumba kavu, safi, zisizo na kinyesi cha ndege.

VISINGIZIO VITATU

Twajua kwamba shauri letu lina gharama, wala hatutaki kujifanya hatuyasikii maneno ya watu.

Singizio la kwanza ni hili: “Mimi ni mtu maskini, nisipouza leo, kesho sina kitu.” Neno hili ni zito, nasi twaliheshimu. Walakini tufanye hesabu. Njiwa mmoja hula kiasi cha gramu 30 za nafaka kwa siku. Njiwa kumi wakifungiwa siku 60 watakula kilo 18. Hiyo ndiyo gharama ya kungoja, na sehemu yake ungeitoa hata kama hapana ugonjwa. Ukingoja, wengi wa njiwa wako wakubwa huenda wakaishi, nawe utabaki na mbegu ya kuendelea nayo. Ukiuza wote kwa bei ya haraka, umeuza mbegu na bado banda lako lina uchafu utakaoua wale utakaowanunua baadaye.

Singizio la pili: “Kama nisipouza mimi, wengine watauza.” Maneno hayo ni ya mtu atupaye taka mtaroni kwa sababu mtaro umekwisha kuziba. Kila mmoja akisema hivyo, mvua ikija maji huingia nyumba zote, na ya kwake ikiwamo.

Singizio la tatu ni la siri, halisemwi kwa sauti. Watu wengi wa pwani huamini kwamba njiwa hawakai katika nyumba yenye ugomvi. Basi njiwa wakifa au wakipotea, mwenyewe huona haya, akiogopa watu watasema nyumba yake haina amani au imefanyiwa husuda. Kwa sababu ya haya hiyo huficha ugonjwa, na kuwaondoa njiwa kimyakimya. Ndugu msomaji, penda njiwa wako kwa ajili ya utulivu wao, ni jambo jema. Lakini shingo iliyopinda haitoi habari za unyumba wako. Ni kazi ya kirusi, nacho huingia nyumba ya mcha Mungu sawasawa na nyumba ya mgomvi. Hapana aibu katika kuugua kwa ndege. Aibu ipo katika kuficha.

LIPASALO KUTENDWA

Ugonjwa ukishukiwa bandani, fanyeni hivi:

1. Fungieni njiwa wote, wazima na wagonjwa, wasiruke nje. Wagonjwa watengwe mahali pao. Wasitolewe wala wasiingizwe wengine hata zipite siku 60 tangu dalili za mwisho kwisha.

2. Mgonjwa ambaye bado ana nguvu apewe maji safi daima, na nafaka katika chombo chenye kina, maana huyu hawezi kudonoa punje moja moja sakafuni. Hapana dawa ya kuua kirusi hiki. Vidonge vya antibiotiki vinavyouzwa madukani havikiui, na fedha yenu itapotea.

3. Waliokufa wachomwe moto au wafukiwe chini sana. Msiwatupe jalalani wala mtoni Msimbazi, kwani kunguru na paka watawatawanya mtaani mwote.

4. Osheni banda, vyombo na matenga kwa maji na sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu, mkaanike juani. Oeni pia mikono na viatu kabla ya kuingia kwa kuku. Kirusi hiki huweza kumletea mtu wekundu wa macho, ingawa aghalabu hupona upesi. Kwa hiyo msijiguse macho mkiwa kazini.

5. Mpelekeeni habari Bwana Mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 imewekwa ili magonjwa ya namna hii yasifichwe.

Kabla ya ugonjwa kuja, chanjeni. Kwa kuku ipo chanjo ya matone ya jicho iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia, na ambayo imetengenezwa hapahapa Temeke. Sifa yake kubwa ni kuvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa haifai kuachwa juani. Tone moja katika jicho moja latosha, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanjeni ndege wazima tu. Chanjo si dawa ya aliyekwisha kuugua, na huhitaji majuma mawili hivi kupata nguvu mwilini. Aghalabu mdondo huzidi wakati wa kiangazi, basi msingoje kiangazi kiingie.

Kwa njiwa, katika nchi za Ulaya hutumika chanjo ya sindano iliyotengenezwa kwa kirusi kilichouawa, nayo huchomwa chini ya ngozi ya shingo. Uingereza sheria yataka kila njiwa wa mashindano wa nchi ile awe amechanjwa kabla ya kushindana. Muulizeni Bwana Mifugo ni chanjo ipi yapatikana na kufaa kwa njiwa wenu, msijipimie wenyewe.

Njiwa mgeni, awe wa kununuliwa au wa zawadi, akae peke yake siku 30 kabla ya kuchanganywa na wenziwe. Desturi hii haina gharama ila subira.

NENO LA MWISHO

Chupa moja ya chanjo ina matone mengi kuliko ndege wa ua mmoja, na ikiisha kufunguliwa yafaa itumiwe siku ileile. Mtu mmoja akiinunua peke yake, nyingi humwagwa. Nyumba kumi zikichanga, kila moja hutoa kidogo, na ndege wa mtaa mzima hukingwa kwa siku moja. Twaona hapo shauri jema: wafugaji wa kila mtaa wapatane, serikali ya mtaa ikijua, wachague siku tatu katika mwaka, mathalani Januari, Mei na Septemba, wachanje kuku wote pamoja. Na katika mapatano hayohayo waweke neno hili, kwamba mwenye banda lenye ugonjwa atawaambia jirani zake siku ileile, nao hawatamcheka, bali watamsaidia nafaka kidogo mpaka siku zake 60 zitimie.

Msaada huo utaonekana mdogo, lakini ndio utakaomwezesha maskini kutenda haki. Hatuwezi kumwambia mtu ashike hasara yake peke yake kwa ajili ya kuku wetu, kisha tukamwacha ale hasara hiyo na watoto wake. Yeye akizuia tenga lisiende Kariakoo, ametulinda; nasi tukimletea kibaba cha mtama, tumemlipa.

Basi kesho asubuhi, ufunguapo banda, wahesabu njiwa wako na kuwatazama wakila. Ukimwona mmoja akidonoa na kukosa punje, usilitafute tenga. Funga mlango wa banda, kaoshe mikono, kisha bisha hodi kwa jirani.